Fangasi wa ngozi, nywele na kucha: mwongozo kamili wa kuwatambua na kuwamaliza

Mtu mwenye fangasi wasiokwisha huwa na mfuko. Ndani yake mna tyubu nne au tano zilizominywa nusu, na ukimuuliza atakwambia kila moja ilimsaidia kwa siku chache. Tukizipanga mezani, jibu mara nyingi liko hapo hapo: moja ina steroidi, dawa inayozima muwasho bila kuua fangasi, ya pili ni ya kandida ilhali yeye ana choa, ya tatu ilikuwa sahihi kabisa ila aliiacha muwasho ulipotulia. Kisha namwomba avue viatu. Kucha za miguu zimekuwa nene na za njano kwa miaka kadhaa, naye hajawahi kufikiri kwamba zinahusika na mabaka yanayomsumbua kinenani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia na mtu kama huyo. Kwanza tujue ni fangasi gani na wamejificha kina gani, ndipo tuzungumze dawa, kisha tutafute wanakotoka. Wengi huanzia katikati, kwenye dawa, na humo ndimo fedha na miezi hupotelea.

Makundi matatu yasiyofaa kuchanganywa

Kundi la kwanza ni dematofaiti. Chakula chao ni keratini, protini ngumu inayojenga tabaka la juu kabisa la ngozi, pamoja na nywele na kucha. Kwa mtu mwenye kinga ya kawaida hawaingii ndani ya mwili, kwa kuwa huko hawana cha kula. Hawa ndio wanaoleta choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, mapunye ya kichwani, fangasi wa kati ya vidole vya miguu, fangasi wa kinena, na sehemu kubwa ya fangasi wa kucha. Majina yanabadilika kufuata mahali walipo, lakini ukoo ni mmoja, ndiyo maana taulo moja inaweza kuwahamisha kutoka mguuni hadi kinenani. Wanaambukiza: kutoka kwa mtu, kutoka kwa mnyama, na wachache kutoka udongoni.

Kundi la pili ni malasezia, hamira ndogo inayoishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima na kupenda mafuta ya ngozi. Ikizidi huleta utangotango, yaani madoa yaliyofifia au yaliyokolea kifuani, mgongoni, shingoni na mabegani. Inahusika pia na mba. Utangotango hauambukizi kwa maana ya kawaida ya neno hilo: hamira unayo tayari, kilichobadilika ni joto, jasho au mafuta. Kwa hiyo mwenye utangotango hahitaji kutengewa kitanda wala sahani, ingawa bado nawaona wanaotengwa.

Kundi la tatu ni kandida. Nayo ni hamira, na hukaa kimya mdomoni, tumboni na ukeni. Hushamiri penye unyevu unaosuguana: chini ya matiti, kwenye mikunjo ya tumbo, kinenani, chini ya nepi, kati ya vidole vya mikono ya mtu anayeshinda kwenye maji.

Tofauti hii inaonekana ya kitabuni mpaka ufike kwenye dawa. Nistatini inatibu kandida lakini haiwadhuru dematofaiti, hivyo mwenye choa anaweza kuipaka mwezi mzima bila mafanikio. Griseofulvini ni kinyume: inawaweza dematofaiti peke yao. Terbinafini ya kumeza ni kali sana kwa dematofaiti, lakini haifai kwa utangotango, ijapokuwa ya kupaka husaidia. Dawa za jamii ya azoli, kama klotrimazoli, mikonazoli na ketokonazoli, zinagusa makundi yote matatu zikipakwa. Ndiyo sababu zinafaa kuanzia pale usipokuwa na uhakika.

Hatua ya kwanza: lisome doa kabla ya kulipaka chochote

Simama penye mwanga wa mchana. Angalia ukingo, magamba na mpangilio, halafu angalia sehemu zile ambazo haziwashi.

Choa huanza kama kipele au doa dogo lenye magamba, kisha hutanuka kuelekea nje. Ukingo ndio ulio hai: umeinuka kidogo, una magamba, pengine na vijipele. Katikati huanza kupona, na hapo ndipo umbo la pete hutokea. Vitabu vingi huonyesha pete nyekundu kwenye ngozi nyeupe, jambo linalowapoteza wengi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, na ukingo ukawa wa kahawia iliyokolea, wa kijivu au wenye wingu la zambarau. Basi pitisha kidole: mkwaruzo wa ukingo utakuambia zaidi kuliko rangi.

Kinenani, dematofaiti hushuka kwenye paja kwa umbo la nusu duara lenye ukingo ulio wazi, na kwa kawaida huuacha mfuko wa korodani. Kandida haiuachi. Kandida pia hupenda ndani kabisa ya mkunjo, ngozi ikawa mbichi na yenye majimaji, na nje ya baka kubwa hutawanyika vijipele vidogo vidogo kama watoto waliomzunguka mama. Vijipele hivyo vya pembeni ni alama nzuri kuliko zote.

Miguuni kuna sura tatu. Ya kwanza inajulikana: ngozi nyeupe iliyolowana, inayochubuka na kunuka kati ya kidole kidogo na jirani yake. Ya pili huvaa mguu kama kiatu: wayo na pembeni hukauka, hukakamaa na kutoa unga mweupe kwenye mistari ya ngozi. Hii huchukuliwa kuwa ukavu tu, ikapakwa mafuta miaka nenda miaka rudi. Ya tatu ni malengelenge yanayowasha kwenye upinde wa wayo. Mtu mwenye ile ya pili mwambie anyooshe viganja. Mara nyingi utakuta miguu yote miwili imeshikwa pamoja na kiganja kimoja tu, kile cha mkono anaokunia. Ukiona hivyo, kiganja na miguu vinatibiwa pamoja.

Utangotango hujificha. Vuta ngozi kwa vidole viwili au ikune taratibu kwa ukucha, na magamba laini kama unga yatatokea juu ya doa. Yasipotokea, huenda ugonjwa umekwisha na kilichobaki ni rangi tu.

Kichwani, mapunye ni ugonjwa wa watoto zaidi. Tafuta sehemu yenye magamba ambako nywele zimekatika. Kuna aina inayokata nywele pale pale zinapotoka kwenye ngozi, zikabaki nukta nyeusi. Kuna inayokata juu kidogo, ikabaki sehemu ya kijivu kama shamba lililovunwa vibaya. Kuna nyingine haikati sana, inaonekana kama mba. Mimi nina kanuni: mtoto ambaye hajabalehe mwenye kitu kama mba kichwani na tezi zilizovimba nyuma ya shingo, namhesabu kuwa ana mapunye mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wakati mwingine mwili hupigana kwa nguvu kupita kiasi, likatokea bonge laini lenye usaha na maumivu. Bonge hilo halipasuliwi. Si jipu. Linatibiwa kwa dawa ya fangasi ya kumeza, na likicheleweshwa huacha kovu ambalo nywele hazitaota tena.

Kucha nitazipa sehemu yake.

Vinavyofanana na fangasi

Kuna doa moja ambalo sitaki mtu yeyote alipake krimu ya fangasi kwa miezi: doa lililofifia lisilowasha, na ambalo likiguswa kwa pamba huhisi kidogo au halihisi kabisa. Huo unaweza kuwa ukoma. Fangasi hawaui hisia. Jaribio la pamba huchukua nusu dakika, macho yakiwa yamefumbwa, na ukoma uliowahiwa hupona bila kuacha ulemavu.

Pumu ya ngozi yenye mabaka ya duara huwasha sana, lakini baka zima hufanana, katikati hapaponi. Soriasi ina magamba mazito meupe na hupenda viwiko, magoti na mpaka wa nywele. Mbalanga ni weupe kamili usio na magamba. Kaswende ya hatua ya pili inaweza kuleta vipele visivyowasha mwili mzima, hata kwenye viganja na nyayo, na hiyo inahitaji kipimo cha damu. Mtu akiwashwa zaidi usiku, na nyumbani wenzake wanajikuna pia, fikiria upele wa utitiri (skabi) kwanza.

Hatua ya pili: pima pale ambapo kosa litakugharimu

Kwa choa kimoja mkononi huhitaji maabara. Unahitaji maabara kabla ya kumeza dawa ya wiki nyingi, hasa ya kucha. Unaihitaji pia doa linapokuwa limeshapakwa kila kitu, na matibabu yanaposhindwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mtaalamu hukwangua magamba kwenye ukingo, huchukua vipande vya ukucha pamoja na unga ulio chini yake, au hung'oa visiki vya nywele. Sampuli hutiwa tone la hidroksidi ya potasiamu linaloyeyusha keratini, na nyuzi za fangasi huonekana kwa hadubini siku hiyo hiyo. Kuotesha sampuli hutoa jina la fangasi, lakini huchukua wiki kadhaa, kwani dematofaiti huota polepole. Usipake dawa ya fangasi kwa wiki moja au mbili kabla ya kwenda, la sivyo majibu yanaweza kurudi safi ilhali fangasi wapo. Sampuli ya ukucha ikirudi hasi na sura yake bado inatia shaka, irudiwe. Vipimo vya kucha hukosea mara nyingi kwa sababu kipande kilikatwa mbali na mahali fangasi walipo.

Hatua ya tatu: paka ipasavyo

Kanuni ya kina ni hii. Fangasi waliokaa juu ya ngozi, krimu inawafikia. Walioingia ndani ya unywele au chini ya ukucha, krimu haiwafikii, na dawa lazima ipite kwenye damu. Ukishika hilo peke yake, umeshaepuka nusu ya makosa.

Kwa ngozi, osha, kausha kabisa, kisha paka safu nyembamba kuanzia nje kuelekea ndani, ukivuka ukingo unaoonekana kwa sentimita mbili hivi. Fangasi wameshatangulia nje ya pete, na anayepaka katikati tu anapaka mahali walipohama. Kwa kipimo, kamua krimu kwenye pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima: hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Kuipaka nene hakuongezi kitu, ila tyubu itakwisha kabla ya ugonjwa.

Terbinafini ya kupaka ya asilimia 1 hutumika mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Klotrimazoli au mikonazoli hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na miguuni jiandae kwa zile nne. Muwasho hutulia mapema sana, pengine ndani ya siku tano, na hapo ndipo tyubu hurudi kabatini. Muwasho unatokana na mwili kupambana na fangasi; ukitulia haina maana kwamba wamekufa. Endelea na azoli wiki moja hadi mbili baada ya magamba kutoweka. Weka alama kwenye kalenda siku unayoanza, maana kumbukumbu hutudanganya na kutuhesabia siku nyingi kuliko tulizopaka.

Kati ya vidole vya miguu kukausha ni nusu ya tiba. Tenganisha kila kidole, futa, subiri hewa ipite. Ukiwa na fangasi wa miguu, vaa soksi kabla ya chupi. Inachekesha, lakini chupi inayopitishwa kwenye miguu mitupu hubeba fangasi moja kwa moja hadi kinenani, na wengine wamepona kinena baada ya kubadilisha mpangilio huo tu.

Kitunguu saumu kilichopondwa, dawa ya kufulia, na vimiminika vya kuunguza: nimeona vidonda vyake. Ngozi iliyoungua bado ina fangasi ukingoni, sasa na bakteria juu yake.

Krimu inayotuliza na kulisha

Nikipewa nafasi ya kuonya jambo moja tu, ni krimu za mchanganyiko. Zina dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli ndani ya tyubu moja, na husifiwa kwa sababu zinafanya kazi haraka. Steroidi huzima muwasho na wekundu kwa siku mbili. Inachozima ni ulinzi wa mwili, na fangasi wakibaki bila mpinzani hutanuka kimya kimya. Pete hupotea, ukingo hufifia, doa likakosa sura ya choa, na hata daktari mzoefu anaweza kupotea. Ukiacha, muwasho hurudi kwa kishindo, nawe unaitafuta tyubu ile ile kwa kuwa ndiyo pekee iliyokupa usingizi.

Kinenani na usoni ngozi ni nyembamba, hivyo madhara huja upesi: michirizi isiyofutika mapajani, ngozi inayopauka na kuchanika, chunusi usoni. Soma orodha ya viambato nyuma ya boksi, si jina kubwa la mbele. Jina la kiambato linaloishia na sauti ya "-soni" au "-soli" lisikupite bila kumuuliza mfamasia, maana nyingi kati ya hizo ni steroidi. Dawa za fangasi zenyewe nyingi huishia na "-zoli", kwa hiyo herufi moja inaweza kukuchanganya.

Matumizi mabaya ya krimu hizi yanatajwa sana pale wataalamu wanapojadili kusambaa kwa fangasi anayeitwa Trichophyton indotineae, aliyepewa jina hilo mwaka 2020. Alianza kuonekana kwa wingi Asia ya Kusini na sasa yuko katika mabara mengi. Huleta mabaka makubwa yanayowasha kinenani, matakoni na kiwiliwilini, na mara nyingi hasikii terbinafini. Kwa mtu aliyemeza terbinafini ipasavyo bila nafuu, kuongeza dozi kwa kubahatisha hakufai. Sampuli iende maabara, na daktari wa ngozi afikirie itrakonazoli.

Mapunye: krimu haitoshi

Fangasi wako ndani ya unywele na kwenye shina lake. Paka utakavyo, hutawafikia. Griseofulvini ilipatikana kwenye ukungu mwaka 1939, na mwaka 1958 ikaonekana kwamba ikimezwa inatibu dematofaiti. Mpaka leo inatumika. Hupewa kulingana na uzito wa mtoto, kwa kawaida wiki sita hadi nane au zaidi, na hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Mzazi asipoambiwa hilo humpa mtoto asubuhi tumbo likiwa tupu, kisha dawa ikalaumiwa. Terbinafini ya kumeza huchukua muda mfupi zaidi, wiki mbili hadi nne, kwa fangasi wa ukoo wa Trichophyton, ila kwa wale wanaotoka kwa paka na mbwa, wa ukoo wa Microsporum, griseofulvini kwa kawaida ni bora.

Pamoja na dawa ya kumeza, osha nywele mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 au ya seleni salfaidi, uiache dakika tano kabla ya kusuuza. Shampuu haiponyi mapunye; kazi yake ni kupunguza mbegu za fangasi zinazodondokea wengine. Wape shampuu hiyo na ndugu wa nyumba hiyo hiyo, na wakague vichwa, wakiwemo watu wazima, maana mtu anaweza kubeba fangasi bila dalili yoyote. Chanuo, kofia na mashine ya kunyolea visishirikiwe; mashine ioshwe na kutiwa dawa ya kuulia vijidudu kila baada ya kichwa. Kunyoa upara si lazima, na kwa mtoto kunaweza kuwa aibu isiyo na faida. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa anaweza kuendelea na shule.

Siku chache baada ya kuanza dawa, mtoto anaweza kutokwa na vipele vingi vidogo vinavyowasha masikioni, shingoni na kiwiliwilini. Mzazi hudhani ni mzio wa dawa na kuiacha. Mara nyingi ni mwili unaoitikia fangasi wanaokufa, na dawa inapaswa kuendelea. Mpigie simu au umrudie aliyekuandikia dawa kabla ya kuamua. Akivimba uso, akipata shida ya kupumua au malengelenge mdomoni, hilo ni jambo jingine: simamisha na wahi hospitali.

Kucha: subira ndiyo dawa ya pili

Kucha nene, ya njano au kahawia, inayovunjika na kujaa unga chini yake, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na fangasi. Uwezekano, si uhakika: karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi hata kidogo. Viatu vinavyobana, jeraha la zamani, soriasi na umri hufanya kucha zifanane hivyo hivyo. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kabla ya kumeza dawa ya miezi mitatu.

Kama ni ncha tu au upande mdogo wa ukucha mmoja au mbili, rangi ya dawa inayopakwa kwenye ukucha, kama amorolfini ya asilimia 5 mara moja au mbili kwa wiki, inaweza kutosha, ukikwangua ukucha kwa tupa kwanza. Tupa hiyo isitumike kwenye kucha zisizo na ugonjwa. Ikiwa ukucha umeshikwa hadi karibu na shina, au kucha ni nyingi, dawa ya kumeza ndiyo yenye nafasi. Kwa mtu mzima terbinafini ni miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Ini lipimwe kabla, na dawa isimamishwe mara moja mkojo ukiwa mweusi, macho yakiwa ya njano, au uchovu na kichefuchefu vikidumu. Wachache hupoteza ladha ya chakula kwa wiki kadhaa. Itrakonazoli ni njia nyingine, lakini haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa, na inagongana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za lehemu.

Baada ya wiki 12 ukucha bado utakuwa mbaya. Hapo watu hukata tamaa, wakati dawa pengine imeshafanya kazi. Ukucha uliokufa haufufuki. Unasukumwa nje na mpya. Wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo kubadilika wote ni kama miezi sita. Wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Chora mstari mdogo kwa tupa mahali ukucha safi unapokutana na mbaya, kisha upige picha kila mwezi. Mstari ukisogea mbele na nyuma yake pakiwa safi, unashinda. Ubaya ukiuvuka mstari kurudi nyuma, mrudie daktari.

Kuna ugonjwa mwingine wa kidole unaochanganywa na huu. Ngozi inayozunguka ukucha huvimba, huuma kidogo kwa miezi, na ile ngozi nyembamba inayoziba shina hupotea. Ni wa watu wanaofua, wanaoosha vyombo, wapishi, wasusi. Kandida hupatikana hapo, lakini kisababishi kikuu ni maji na sabuni, kwa hiyo mikono isipokauka dawa haitashika. Vaa glavu za pamba ndani ya glavu za mpira. Uvimbe ukija ghafla kwa siku mbili, wenye usaha na maumivu ya kukosesha usingizi, huo ni ule unaoitwa mdudu wa kidole, kazi ya bakteria, na unahitaji kutolewa usaha.

Utangotango na kandida, kwa ufupi

Kwa utangotango, paka shampuu ya ketokonazoli mwilini kuanzia shingoni hadi kiunoni, na mikononi pia, iache dakika tano, suuza, na urudie kwa siku tatu hadi tano. Seleni salfaidi ya asilimia 2.5 huachwa dakika kumi kila siku kwa siku saba. Paka hata pasipo na doa. Vidonge vya ketokonazoli visikubaliwe kwa ugonjwa huu: tangu mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya ziliviwekea vikwazo vizito kwa sababu ya ini. Rangi ya ngozi itachukua miezi kurudi, na magamba yakiwa yameisha, kuongeza dawa hakutaiharakisha. Kwa anayerudiwa kila msimu wa joto, shampuu mara moja kwa mwezi huzuia vizuri.

Kandida ya mikunjo hutaka ukavu na azoli au nistatini. Inayorudi rudi hutaka kipimo cha sukari. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima ambaye hatumii dawa ya kuvuta ya pumu wala hajamaliza antibayotiki karibuni hutaka kipimo cha sukari na cha VVU. Haya si ya kuogopa kuyasema.

Hatua ya nne: tafuta wanakotoka

Taulo ya miguu iwe yake peke yake wakati wa matibabu. Soksi, chupi na mashuka vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 vinapostahimili, na vikauke kabisa. Viatu viwe jozi mbili za kupokezana ili kila jozi ipate siku nzima ya kukauka. Bafu za pamoja ziingiwe na kandambili. Kagua paka na mbwa, hasa watoto wao wenye sehemu zilizonyonyoka. Mganga wa mifugo awatibu, la sivyo mtoto atapona na kuambukizwa tena na yule yule anayelala naye. Ndama wenye mabaka ya kijivu usoni nao huambukiza wanaowahudumia. Wote wenye dalili nyumbani watibiwe kwa wakati mmoja, si mmoja mmoja kwa zamu. Kisha rudi kwenye kucha za miguu, hata kama haziumi.

Usingoje

Mwenye kisukari, mwenye mguu uliovimba wa muda mrefu au mwenye kinga iliyoshuka asiupuuze mpasuko kati ya vidole. Bakteria hupitia hapo, na mguu mwekundu, wa moto, unaouma na kupanda juu pamoja na homa ni dharura ya siku hiyo. Mjamzito asimeze dawa ya fangasi bila daktari. Klotrimazoli ya kupaka inakubalika. Griseofulvini haifai kabisa katika ujauzito, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na mwanamume anayeitumia anashauriwa asitungishe mimba kwa miezi sita baada ya kuimaliza.

Kwa wengine wote, doa ambalo halijapungua baada ya wiki nne za dawa sahihi iliyopakwa sahihi linahitaji jicho la daktari. Acha kupaka wiki moja kabla ili sampuli ipatikane. Nenda na mfuko mzima wa tyubu, hata zile unazoona aibu kuzionyesha, na ukifika, vua viatu bila kungoja kuombwa.